Tulikwenda Kumtazama Mchina

Wahenga walinena, "Tembea uone." Hawakusema tutembee ili tuhesabu maili, wala tutembee ili turudi tukajisifu, walisema tuone. Na kuona si kazi ya macho pekee. Mtu aweza kuizunguka dunia nzima macho yakiwa wazi, kisha akarejea kwake na mawazo yale yale aliyoondoka nayo, kama mzigo ambao haukufunguliwa njiani. Sisi wa Chato tulikaribia sana kuwa wasafiri wa namna hiyo, na habari ya jinsi tulivyonusurika ndiyo tunayotaka kuwasimulia walimu wenzetu na vijana wa shule.

Jambo lenyewe lilianza darasani, mwanzoni mwa mwaka 2025. Tulikuwa tukifundisha juu ya uhusiano wa kale baina ya pwani ya Afrika Mashariki na nchi za mashariki ya mbali, tukawauliza wanafunzi wanajua nini juu ya utamaduni wa Wachina. Kijana mmoja, ambaye kaka zake ni wachimbaji wadogo wa dhahabu, akasimama akajibu, "Mchina, Mwalimu, ni yule wa simu inayokufa kabla ya mwezi kwisha." Darasa zima likaangua kicheko. Mwingine akaongeza habari ya pampu iliyoungua siku ya pili tu ikivuta maji ndani ya duara. Nasi walimu tulicheka pamoja nao; kisha, kicheko kilipotulia, tukaona haya. Kwa maana sisi wenyewe, tuwapo sokoni Katoro au Geita, tukiona kitu kisichodumu husema, "Hiki ni cha Kichina," na mazungumzo huishia hapo.

Watu ambao wameandika lugha yao kwa zaidi ya miaka 3,000 tulikuwa tukiwapima kwa betri na waya. Je, nasi tungefurahi kama mgeni angewapima Wasukuma, Wazinza, Wasubi na Walongo kwa ungo mmoja uliotoboka alioununua mnadani? Swali hili lilitukosesha usingizi. Kumpeleka mwanafunzi China ni gharama isiyobebeka kwa mzazi wa Chato, awe mkulima wa pamba au mvuvi wa ziwani. Lakini mwenzetu mmoja, mwalimu wa Historia, akasema kwamba Mchina amekwisha kuja kwetu miaka mingi, akaacha nyayo, yatosha kuzifuata. Wazazi wakachanga, shule ikaongezea, na katika likizo ya katikati ya mwaka tukaondoka, walimu 4 na wanafunzi 22, ndani ya basi dogo la kukodi.

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu na nyumbani. Tulipita Buseresere, Katoro, Geita na Sengerema, tukafika Busisi, kwenye ukingo wa ghuba ya Mwanza. Hapo ndipo wazazi wetu walipokuwa wakisubiri pantoni, mara nyingine kwa saa nzima na zaidi, mama na mtoto mgonjwa, mchuuzi na matenga yake ya samaki. Sasa lipo daraja lenye urefu wa kilometa 3, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwezi Desemba mwaka 2019, likafunguliwa tarehe 19 Juni 2025, siku chache tu kabla ya safari yetu. Limepewa jina la Rais John Magufuli, mwana wa Chato, aliyezikwa kwao Chato mwezi Machi mwaka 2021. Waliolijenga ni kampuni za Kichina pamoja na mafundi wetu.

Basi lilivuka kwa dakika chache. Upande wa Kigongo tukasimama, tukatazama nyuma. Hapo msichana mmoja akauliza swali la maana: "Mwalimu, daraja hili ni msaada?" Tukamjibu kwamba sivyo, fedha zake zimetoka katika hazina ya taifa letu, na kampuni zile zilikuja kwa mkataba, kama fundi aliyeitwa kujenga nyumba. Mwenye nyumba hulipa, fundi hujenga, kila mmoja akijua haki yake. Tukawaambia waandike jibu hilo katika madaftari yao, maana huko tuendako wangemkuta Mchina wa namna nyingine, na ingefaa wajue kupambanua.

Safari ya kwenda Dar es Salaam ni ndefu. Tulipita Shinyanga, Nzega, Singida na Dodoma, na siku ya tatu tukaingia wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, kutazama mashamba. Huko, katika kijiji cha Peapea, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha China walianza mwaka 2011 kushirikiana na wakulima wa mahindi. Wanafunzi wetu walitarajia kuona mitambo. Hawakuiona. Bwana shamba aliyetutembeza alitueleza kwamba fundisho kuu lilikuwa ni nidhamu ya jembe: kupanda kwa mistari, kukaribisha mashimo ili shamba libebe miche mingi zaidi, kupunguzia miche kwa wakati, na kupalilia bila kuchelewa. Mavuno yaliongezeka kwa nguvu za mikono ambazo mkulima alikuwa nazo tangu zamani.

Vijana wetu walisikitika kidogo, kwani walitaka trekta. Lakini sisi tulikumbuka kwamba nyumbani kwetu Walongo walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali katika nchi ya Usukuma, kabla mkoloni hajaonekana. Jembe si jambo la aibu. Taifa kubwa lililotuma wataalamu wake kuvuka bahari lilikuwa limeona katika jembe kitu ambacho sisi wenyewe, kwa tamaa ya mitambo, tulikuwa tumekwisha kukidharau.

Dar es Salaam tulipokewa na mzee mmoja ambaye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu kwa siku mbili zilizosalia. Ni mstaafu wa reli, mrefu, mwembamba, mwenye fimbo na kofia ya kitambaa. Ujanani alifanya kazi na Wachina tangu siku za kusafisha pori. Wanafunzi walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, babu," naye akaitika, "Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kumtazama Mchina? Basi tutaanza na yule wa zamani kabisa, ambaye hata mimi sikumkuta."

Akatupeleka Kunduchi, kaskazini ya jiji, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa kale. Mibuyu imeota katikati ya mawe. Makaburi mengine yana nguzo zilizosimama kama watu wanaosubiri, na katika nguzo na kuta za makaburi hayo ya karne ya 18 mafundi walichomeka sahani na bakuli za kaure zilizotoka China. Nyingi zimekwisha kung'olewa. Limebaki tundu la mviringo mahali bakuli lilipokaa. Mzee akaweka kiganja chake ndani ya tundu moja, akasema, "Mtu alipokufa, watu wake walichukua chombo kizuri kuliko vyote vilivyokuwamo nyumbani, wakakiweka hapa kimtaje. Na chombo hicho kilikuwa cha Kichina."

Yule kijana wa simu aliinamisha kichwa. Hatukumsema. Tuliendelea kueleza kwamba vipande vya vyombo vya namna hiyo vimeokotwa pia Kilwa na katika miji mingi ya kale ya pwani. Kwamba katika karne ya 15 merikebu za Wachina chini ya amiri wao Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Na kwamba mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China, watu wakamstaajabia. Hata neno letu "chai", ambalo kila asubuhi tunalitamka bila kufikiri, asili yake ni Kichina, likasafiri kwa vinywa vya wafanyabiashara hadi kutufikia. Utamaduni haujui forodha. Tulikuwa tukinywa neno la Kichina huku tukimcheka mwenye neno.

Siku ya pili asubuhi mzee alituonyesha stesheni kubwa ya Reli ya Uhuru. Alisimama ukumbini akatusimulia. Novemba mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kuwakandamiza Waafrika, na Zambia, isiyo na bahari, ikajikuta njia ya shaba yake imo mikononi mwa adui. Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia walipoombwa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam walikataa, wakidai kwamba haina faida. China, ambayo wakati huo nayo ilikuwa nchi maskini, ikakubali. Mapatano yalitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ulikuwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, wa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulizinduliwa rasmi mwezi Oktoba 1970, mbele ya Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda; kazi ya kutandika reli ikakamilika mwaka 1975, na tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa. Urefu wake ni kilometa 1,860, na kati ya hizo 975 zimo nchini mwetu.

"Hizo ni hesabu za vitabuni," mzee akasema, "nanyi mtaulizwa katika mitihani. Mimi nitawaambia nisichosoma." Akatueleza jinsi mhandisi wa Kichina alivyolala katika kambi ya pori kama kibarua, akavaa nguo za buluu zilizofanana na za mwenzake, akabeba zege naye, na jinsi kila kambi ilivyokuwa na bustani ya mboga iliyolimwa na mikono ile ile iliyochora ramani. Akatueleza habari za sehemu iliyo ngumu kuliko zote, kati ya Mlimba na Makambako, ambako mabonde na majabali yaliwalazimu kutoboa mahandaki na kusimamisha madaraja marefu. "Hatukujua lugha yao, wala wao hawakujua yetu," akasema. "Lakini mwamba ukianza kudondoka, kila mtu huelewa neno 'Kimbia'."

Yule msichana wa Busisi akafungua daftari lake, akasoma jibu aliloliandika juu ya daraja, akasema, "Basi huyu hakuwa fundi wa mkataba kama yule." Mzee akamtazama kwa muda. "Huyu alikuwa na siasa yake, mjukuu wangu, na taifa lake lilikuwa na haja zake. Hakuna anayevuka bahari bure. Lakini aliyekuja na haja zake akafia kazini kwako, huyo naye una deni lake."

Mchana tukaenda Gongo la Mboto, mahali walipozikwa wataalamu wa Kichina waliokufa nchini mwetu. Ni uwanja uliozungushiwa ukuta, wenye utulivu ambao hatukuutarajia karibu na jiji lenye makelele kama lile. Makaburi yamepangwa kwa safu, yanafanana, na kila jiwe lina jina lililochongwa kwa herufi za Kichina. Ni zaidi ya 60. Wengi walikuwa wa reli; wengine walikuja kwa kazi nyingine za ushirikiano. Wako waliokufa kwa ajali, wako waliokufa kwa maradhi, na mmoja wa wapimaji wa mwanzo alikufa kwa kushambuliwa na nyuki porini. Viongozi wakuu wa China wafikapo nchini huja hapa kuweka mashada. Rais Xi Jinping alifika mwezi Machi mwaka 2013. Na kila mwaka, mwanzoni mwa mwezi Aprili, Wachina huja kwa siku yao ya kufagia makaburi, ambayo huko kwao familia nzima hutoka kwenda kusafisha walipolala wazee wao.

Msichana mmoja aliposikia hivyo akasema, "Kumbe nao wana masamva." Masamva, kwa Wasukuma, ni wazee waliotutangulia, ambao tunawataja na kuwatunza ili nao watutunze. Neno lile lilifanya kazi ambayo masomo yetu ya mwaka mzima hayakuifanya. Wanafunzi waliomba mifagio kwa mtunzaji wa mahali pale. Wakaanza kufagia majani baina ya safu, bila ya kuamrishwa na mtu.

Tulipokuwa tukimaliza, yule kijana wa simu, ambaye alikuwa kimya tangu Kunduchi, akamwendea mzee akamwuliza, "Babu, hawa nimewaona. Na wenzao wa kwetu waliokufa pamoja nao, wamelala wapi?"

Mzee hakujibu mara moja. Alikaa juu ya kizingiti, akaiweka fimbo yake chini. Akasema kwamba wengine walisafirishwa makwao, na wengine walizikwa karibu na pale walipofia, kando ya njia ya reli, na pori limekwisha kurudi mahali pake. Akasema kwamba watatu alikuwa akiwafahamu yeye mwenyewe. Akayataja majina yao polepole, na wanafunzi wakayaandika.

Ndipo yule mwenzetu, mwalimu wa Historia aliyebuni safari yote, alipoweka ufagio wake chini. "Na wa nne," akasema, "andikeni jina langu."

Tulidhani anatania. Akatusimulia. Baba yake mkubwa aliondoka nyumbani mwaka 1971, wakati Chato ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Biharamulo katika mkoa wa Ziwa Magharibi, akaenda na vijana wenziwe kujenga reli. Barua tatu zilifika. Ya nne iliandikwa na mtu mwingine. Ilisema kwamba mwamba umemwangukia huko milimani, na kwamba amezikwa kwa heshima. Haikusema wapi. Nyumbani wakakaa matanga bila ya maiti na bila ya kaburi. Baadaye mtoto wa kiume akazaliwa katika mji ule, na wazee, kwa desturi yetu, wakampa jina la marehemu ili asipotee. Mtoto huyo ndiye mwalimu huyu. Tumefanya kazi naye miaka 11, tukimwita kila asubuhi chumbani mwa walimu, pasipo kujua kuwa tunamwita mtu aliyelala chini ya reli.

Wenzetu, fundisho la safari yetu limo hapo. Wachina huwahifadhi wafu wao kwa jiwe na kwa ufagio. Waswahili wa Kunduchi waliwahifadhi wao kwa nguzo na bakuli. Sisi wa kanda ya ziwa huwahifadhi wetu kwa kuwarudisha ndani ya watoto. Hakuna mila kati ya hizi iliyo duni kuliko nyingine. Lakini kila mila ina udhaifu wake, na udhaifu wa mila yetu ni huu: jina lililo katika mtoto ladumu maadamu yupo mzee wa kueleza lilikotoka. Mzee yule akifa kabla hajaulizwa, jina hubaki, na mtu hupotea. Tulikwenda kumtazama Mchina, na Mchina akatuuliza, bila ya kufungua kinywa, habari za watu wetu wenyewe.

Tuliporudi Chato tulinunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Tukawaagiza wanafunzi wawaulize wazee wa vijijini mwao: Ni nani aliondoka hapa akaenda kujenga reli? Alirudi? Kama hakurudi, ni mtoto gani aliyepewa jina lake? Kazi hii yaendelea. Wako wazee waliolia walipoulizwa, kwa kuwa hawakuwahi kuulizwa. Yako majina tuliyopewa mara mbili na koo mbili, ikabidi tuulize upya. Majina hayo hatuyachapi hapa, kwa maana ndugu wote bado hatujawafikia kuwaomba ruhusa. Lakini ukurasa wa kwanza una jina la mwenzetu, limeandikwa kwa mkono wake mwenyewe, na chini yake wako wale watatu wa mzee.

Ukurasa wa mwisho una maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu awezaye kuyasoma. Ni yule kijana wa simu aliyeyanakili kutoka katika jiwe moja la Gongo la Mboto, mstari kwa mstari, akiwa amepiga magoti, wakati wenziwe walipokuwa wakiingia ndani ya basi. Tulimwuliza kwa nini hakumsubiri mtu wa kumtafsiria. Akajibu, "Najua ni jina, Mwalimu. Yatosha kwa leo."

Ndugu mwalimu usomaye haya, si lazima uwapeleke vijana wako mbali. Katika kila wilaya ya nchi yetu ipo barabara, mfereji, shule au kiwanda ambacho watu walikijenga, na wengine miongoni mwao hawakurudi nyumbani. Waulize wazee wangalipo. Utamaduni wa taifa si ngoma za sikukuu tu. Ni pamoja na kujua ni nani aliyebeba jiwe tulilokalia. Ukianza kumtafuta mgeni kwa haki, nawe kijana usomaye, usishangae ukimkuta babu yako amesimama kando yake.